Kisasa, kloila au kienyeji: yupi wa kufuga nyuma ya nyumba ukishapiga hesabu ya chakula

Wiki haiishi bila mtu kuniuliza, "Dada, nataka kuku wachache tu wa mayai hapo nyumbani, nichukue wa kisasa, kloila au kienyeji?" Na kabla sijajibu anaongeza, "yaani nataka wale wasiokula sana." Sasa hapo kwenye "wasiokula sana" ndo watu wengi wanaumia, maana kuku anayekula kidogo anaweza kuwa ndo mwenye yai ghali kuliko wote. Mimi nimefuga aina zote tatu hapa Kibaha, banda moja nimeligawa kwa wavu, na daftari la chakula ninalo mpaka leo, kwa hiyo ngoja niwapange ubavu kwa ubavu mtu achague mwenyewe kulingana na sehemu aliyonayo na muda alionao.

Tuelewane majina kwanza. Wa kisasa ninaowasema ni hawa wekundu wa mayai, Hy-Line Brown, Isa Brown, Lohmann Brown, na kwa mtu wa kuku 20 tofauti kati yao sio ishu kabisa, chukua wanaopatikana karibu na wenye chanjo ya siku ya kwanza. Kloila ni Kuroiler, chotara wa India aliyetengenezwa na Keggfarms miaka ya 1990, akapita Uganda mpaka akafika kwetu, na mwenzie wa soko lile lile ni Sasso wa Ufaransa. Matunzo yao yanafanana sana kwa hiyo nikisema kloila muweke na Sasso humo humo. Kienyeji ni hawa wetu wa asili, ambao nao wana koo zao, kuna Kuchi mrefu mwenye mwili, kuna Ching'wekwe mfupi wa miguu, na wale wa mchanganyiko tu wa mtaani ambao ndo wengi.

Hesabu ya mdomo na kiota

Bei ya chakula inapanda na kushuka na msimu wa mahindi, so mimi hapa napiga kwa mfuko wa kilo 50 wa leyazi (chakula cha kuku wanaotaga) ukiwa shilingi 70,000, yaani kilo ni 1,400. Wewe weka bei ya duka lako, njia ya hesabu ni ile ile.

Kuku wa kisasa akishaanza kutaga anakula gramu 110 mpaka 120 kwa siku. Chukua kuku 20, kila mmoja gramu 120, hiyo ni kilo 2 na gramu 400 kwa siku, hela yake 3,360. Mfuko mmoja unakupeleka siku 20 na ushee. Sasa hawa 20 wakiwa kwenye kilele hawakosi kukupa mayai 17 kwa siku, mara nyingine 18, mwaka mzima kuku mmoja anaweza kufikisha mayai 300 na zaidi. Gawa 3,360 kwa 17, yai moja limekula kama 198, trei nzima ya mayai 30 kama 5,900. Ukiuza trei kwa 8,000 kuna kitu kinabaki, sio kikubwa, na hapo bado dawa, maranda na nguvu zako.

Ila kabla ya yai la kwanza ameshakula. Kutoka kifaranga mpaka wiki ya 18 kuku wa kisasa mmoja anamaliza kilo 6 mpaka 7, ambapo kwa 20 ni karibu mifuko mitatu, na muda wote huo hakuna hata yai moja. Watu wengi wanaishia hapa jamani. Wanakuwa na hela ya vifaranga na mfuko wa kwanza, wiki ya 12 hela imekata wanaanza kuwapa pumba tupu, kuku wanadumaa, halafu wanakuja kutaga wiki ya 25 mayai madogo na wanasema vifaranga walikuwa wabovu. Kama huna hela ya mifuko yote mitatu mkononi au sehemu ya uhakika ya kuipata, punguza idadi, fuga 8 ule vizuri.

Kloila sasa. Huyu ana mwili, mtetea anafika kilo 2 na nusu, na mwili ule unataka kulishwa. Ukimfungia ndani muda wote atakula gramu 130 hivi na mayai yake ni kama 150 mpaka 180 kwa mwaka. Kwa mitetea 20 ni kilo 2.6 kwa siku, 3,640, na unaokota mayai 9, maana yake yai moja limekula 404! Trei 12,000 na zaidi kwa chakula tu. Hapo ndo utaona mtu analalamika kloila ni hasara, kumbe hasara ni kumfungia. Mimi nilipowafungulia asubuhi wakawa wanashinda kwenye uwanja wenye majani na migomba, nikawa nawapa nusu tu ya chakula, kilo 1.3, hela 1,820, mayai yakawa 8 kwa siku na yai likashuka mpaka 227 hivi. Ukiweza kuyauza kwa bei iliyopo katikati ya kisasa na kienyeji hapo unapumua.

Na kienyeji, huyu asiyekula sana? Anataga 10 mpaka 15, analalia, anaangua, analea, anarudi tena, mara tatu au nne kwa mwaka, weka mayai 50. Mfungie ndani umpe leyazi gramu 80 tu kwa siku, mwaka mzima amekula chakula cha karibu 41,000, gawa kwa 50, yai moja 818. Narudia, mia nane kumi na nane. Huyo ndo yule "asiyekula sana". Sasa mwachie uwanja, mpe pumba na mabaki ya jikoni, gramu 35 hivi kwa siku kwa bei ya pumba 600 kilo, yai linashuka mpaka 153, chini ya wote. Kuku yule yule, tofauti ni uwanja.

Kwa hiyo wakiwa wote wamefungiwa ndani kwa chakula cha dukani, ni 198 kwa kisasa, 404 kwa kloila, 818 kwa kienyeji. Wakiwa uwanjani ni 227 kwa kloila na 153 kwa kienyeji, na kisasa hapo simuweki kwa sababu nilijaribu kumwachia atafute mwenyewe nikampunguzia chakula, ndani ya wiki mayai yalishuka na wengine wakaanza kukonda. Yule anataga karibu kila siku, mwili wake hauwezi kusubiri mende na majani, chakula chake lazima kiwepo. Ukimtoa kutembea jioni saa moja au mbili hivi sawa, ila ameshashiba.

Chakula chenyewe, hapa naomba tukae kidogo

Kwa kisasa hakuna njia ya mkato kwenye ubora. Anataka protini asilimia 16 au 17 na chokaa ya kutosha, maana ganda la yai linatoka mwilini mwake, asipopewa anajitoa kwenye mifupa yake mwenyewe mpaka miguu inalegea. Mwaka wa pili wa kufuga nilinunua mifuko miwili ya chakula cha bei rahisi sehemu fulani, rangi nzuri tu, harufu nzuri. Siku kama kumi mayai yakatoka 17 mpaka 9, maganda laini, yai moja lilipasukia mkononi nikiwa naliokota, ute ukanimwagikia mpaka kwenye kiganja, nikasema hapana hapa kuna kitu. Nikachota kile chakula nikakipepeta kwenye ungo, nusu yake ilikuwa maganda ya mahindi yaliyosagwa na mchanga mchanga. Nilibadilisha chakula siku hiyo hiyo lakini kuku walichukua wiki tatu kurudi. Ile bei rahisi ilinigharimu trei saba na ushee.

Tangu hapo nachanganya mwenyewe. Kwa kilo 100 naweka mahindi paraza 41, pumba 12, mashudu ya alizeti 20, mashudu ya soya 10, dagaa 6, chokaa 8, mifupa 2, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu kilo na chumvi nusu kilo. Inanitokea kilo kwenye 1,100 hivi mahindi yakiwa chini, hiyo kwa kuku 20 ni kama 21,600 inabaki mfukoni kwa mwezi. Lakini kuna mambo ya kuangalia. Mashudu ya alizeti yanatofautiana sana, yale yenye maganda mengi protini yake ni ndogo. Soya ukinunua punje mbichi lazima ukaange kwanza, mbichi inazuia kuku kumeng'enya protini. Dagaa loweka kiganja kimoja kwenye glasi ya maji uone mchanga unaotuama chini, na uonje, wakiwa na chumvi kali punguza ile chumvi nyingine la sivyo utaona maji yanaisha haraka na kinyesi kimelowana banda zima. Chokaa weka kidogo kwenye kisahani udondoshee ndimu au siki, ikitoa povu ni yenyewe, ikikaa kimya umeuziwa mchanga. Na isiwe ile chokaa ya kupaka ukuta, hiyo inaunguza. Mahindi yenye ukungu usiweke hata kama umepewa bure, sumukuvu inaua ini la kuku taratibu na wewe utakuwa unahangaika na antibayotiki zisizosaidia kitu.

Kloila anasamehe kidogo kwenye hili. Yeye unaweza kumpunguzia dukani ukamuongezea majani ya mti wa lusina yaliyokaushwa (kidogo, yakizidi yanadhuru), mchicha, azola, ule mmea unaoelea majini, kama una bwawa dogo, na funza wale wa nzi weusi wanaofugwa kwenye mabaki ya jikoni, wanawapenda mpaka wanakanyagana. Kienyeji ndo kabisa, kitu anachohitaji kutoka kwako ni nyongeza ya jioni, kiganja cha mahindi au pumba iliyoloweshwa, na hiyo nyongeza kazi yake ya pili ni kumfanya arudi bandani kabla mwewe na kicheche hawajaanza mambo yao.

Kujua kama wameshiba, jioni wakiwa wamepanda kichanja pita na tochi umguse mmoja mmoja gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Likiwa limejaa kama chungwa dogo, sawa. Likiwa limenywea kwa wengi, chakula hakitoshi au vyombo ni vichache na wakubwa wanawasukuma wadogo. Mimi ndivyo nilivyogundua kuku watano kati ya ishirini walikuwa wanalala njaa huku kwenye chombo chakula kimebaki.

Matunzo, nani anakuchosha zaidi

Kisasa anakuchosha kwa ratiba. Chakula na maji muda ule ule, mayai kuokota mara mbili tatu kwa siku, taa pia, kwa sababu kwetu mchana ni masaa 12 tu na yeye anataka kama 16 ili aendelee kutaga vizuri, hivyo unawasha alfajiri na tena jioni mpaka saa 3 usiku. Joto la huku pwani linamkatisha hamu ya kula, mimi mwezi wa Januari na Februari nawapa chakula kingi saa 12 asubuhi na kingine jua likishapoa, mchana ni maji ya baridi tu, na wanakunywa mara mbili ya walichokula au zaidi. Nafasi weka kuku 5 kwa mita moja ya mraba, wakibanana wanaanza kudonoana, na ukishaona damu mtoe yule aliyejeruhiwa saa ile ile, kuku wakiona wekundu hawaachi. Na huyu halalii, wala usitegemee aangue.

Kloila ni mpole, haruki sana, mbwa na mwewe wanampata kirahisi kwa sababu ni mzito. Vifaranga wake huuzwa mchanganyiko, majike na madume, wakati wa kisasa unauziwa majike tu, kwa hiyo ukinunua 40 jua karibu nusu ni majogoo. Hii wengine wanaiona mzigo, mimi naiona ndo faida yake kubwa, majogoo nawatoa wakifika miezi mitatu na nusu minne na hela yao inalipa sehemu kubwa ya chakula cha mitetea mpaka waanze kutaga, ambako ni miezi mitano sita. Kulalia analalia mara chache sana. Na usihangaike kutotolesha mayai yake ukidhani utapata kloila wale wale, kizazi cha pili kinatoka tofauti tofauti, wengine wadogo wengine wazito.

Kienyeji hakuchoshi kwa kazi ya kila siku ila anakuchosha kwa kupotea. Anaficha mayai kwenye vichaka vya jirani, anaangua 11 wiki ya pili wamebaki 4, mwewe kachukua, mvua imewalowesha, siafu wamepita. Mama mkwe alituletea mitetea minne na jogoo kutoka Singida, mwaka wa kwanza vifaranga walikuwa wanakwisha tu mpaka alipokuja akanionyesha kuwatenga, koo na wanae kwenye tenga pana wiki nne za kwanza, unawapa stata (chakula cha vifaranga) kidogo, jioni unafunika. Kuanzia hapo kati ya 10 wanabaki 8. Huo mfuko mdogo wa stata ndo hela yenye faida kuliko zote nilizowahi kutumia kwa kuku.

Kuhusu magonjwa, kuna hii imani kwamba kienyeji haumwi. Anaumwa! Mdondo, wengine wanaita kideri, ukipita kiangazi unafagia banda lote la kienyeji kwa siku nne. Chanjo ya I-2, hii ya TVLA, maabara ya mifugo ya serikali, inayoitwa TEMEVAC, ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, wote watatu wanahitaji, hakuna wa kusamehewa. Kisasa na kloila wakiwa vifaranga ongeza ratiba ya kawaida, siku ya 7 mdondo, ya 14 Gumboro, ya 21 mdondo tena, ya 28 Gumboro tena, na ndui wiki ya 6 mpaka ya 8, ila mwone mtaalamu wa mifugo wa kata yako kwa sababu maeneo yanatofautiana. Chanjo za maji usichanganyie maji ya bomba yenye dawa, na wawe wamekaa na kiu kidogo ili waimalize ndani ya masaa mawili. Kuhara damu kunawapata zaidi vifaranga wa kwenye maranda yaliyolowa, kwa hiyo maranda ya karibu na chombo cha maji yageuze kila asubuhi.

Ningekuwa wewe

Umepanga nyumba, una uwanja wa hatua tatu na ukuta, mnakula mayai nyumbani na kuuza kidogo kwa majirani: kisasa, 8 au 10, basi. Usimfungie kienyeji humo, hesabu umeiona. Na ukianza naye kubali kwamba ana mwisho. Wale 20 wangu walipofika mayai 12 kwa siku yai lilikuwa linakula 280, trei 8,400, wakati nauza 8,000, kila asubuhi nilikuwa nawaongezea mimi wateja hela. Niliwapenda, lakini niliwauza wote wiki ile. Kabla hujafika huko kamata mmoja mmoja, pitisha vidole kati ya mifupa miwili ya nyonga hapo chini ya mkia. Vikiingia viwili au vitatu na upanga wake wa kichwani ni mwekundu huyo bado anataga, kikigoma hata kimoja na upanga umepauka huyo anakula bure, mtoe peke yake.

Una uwanja mkubwa umezungushiwa, una mtu anashinda nyumbani, na familia inataka nyama na mayai: kloila. Uko shamba au kijijini, majirani wako mbali, mahindi unalima mwenyewe: kienyeji, na hapo usiwaze trei, waza vifaranga, kwa sababu yai la kienyeji ukiliacha likawa kuku linakupa hela nyingi zaidi kuliko kulikaanga.

Mimi sasa hivi nina kisasa 20 upande mmoja wa wavu na wale wa Singida upande wa pili, mitetea 6 na jogoo. Mayai ya kuuza yanatoka kushoto, kulia ni ya watoto na kuku wa sikukuu. Kloila niliacha tulipojenga chumba cha pili na uwanja ukaisha, sio kwa ubaya wake.

Ukiamua kununua vifaranga wa kisasa piga mahesabu nyuma kutoka mwezi unaotaka kuuza. Ukitaka mayai yawe yamepamba moto Desemba, vifaranga waingie bandani mwisho wa mwezi wa 6, na oda weka mwezi mmoja kabla, maana wiki za mwisho wanasema wameisha. Muulize muuzaji wameanguliwa tarehe ngapi na wamepata chanjo ya mareksi (ile ya siku ya kwanza) au bado, na siku ya kuwapokea uwe umewasha jiko la bruda (sehemu ya joto ya kulelea vifaranga) masaa kadhaa kabla, maji ya glukosi yapo tayari, maana wanafika wamechoka na safari na masaa mawili ya kwanza ndo wanatakiwa wanywe.